Redio ya klasiki inapouzwa, gazeti huandika habari ya nani?

Msomaji ameniuliza hivi: "Nimekuwa nikisoma habari za zamani kuhusu WQXR, redio ya muziki wa klasiki ya New York, jinsi ilivyobadilishwa mwaka 2009. Makala moja inasema imeuzwa, nyingine inasema imeokolewa, ya tatu inaomboleza. Na mmiliki wake alikuwa gazeti la The New York Times lenyewe. Niamini ipi? Na kwa nini kila redio ya aina hii ikiguswa, magazeti huiandikia tanzia?"

Ndugu msomaji, zote tatu zina ukweli ndani yake, ila kila moja inazungumzia kitu tofauti. Redio ya klasiki ni vitu vitatu vilivyofungwa pamoja: kuna leseni ya kurusha matangazo kwenye masafa fulani, kuna jina ambalo wasikilizaji wamelizoea, halafu kuna muziki wenyewe pamoja na watu wanaouchagua na kuutangaza. Vinaweza kukaa pamoja miaka sitini mpaka watu wakadhani ni kitu kimoja. Siku ya biashara hutenganishwa, kila kimoja kikaenda njia yake. Mwandishi asipokueleza kipi kimekwenda wapi, utamaliza makala yake ukiwa na huzuni au furaha, lakini hutajua kilichotokea.

WQXR ni mfano bora kuliko wote ninaoufahamu. Ilianza kama mtambo wa majaribio ulioitwa W2XR, wa mhandisi John V. L. Hogan, ikachukua jina la WQXR mwaka 1936, na mwaka 1944 ikanunuliwa na Times. Tarehe 14 Julai 2009 ikatangazwa kwamba kampuni ya gazeti hilo inaiachia. Biashara ilikuwa na pande tatu. Univision, kampuni ya utangazaji wa lugha ya Kihispania, ilichukua masafa ya 96.3 FM ambayo ndiyo yalikuwa makao ya WQXR. Yenyewe ikatoa masafa yake ya 105.9, ikaongeza na dola milioni 33.5 juu yake. WNYC, redio ya umma inayoendeshwa kwa michango ya wasikilizaji na wafadhili, ikalipa dola milioni 11.5 na kupata masafa hayo ya 105.9, vifaa, na jina la WQXR. Saa mbili usiku, tarehe 8 Oktoba 2009, mabadiliko yakafanyika.

Hebu tuzitazame hizo hesabu vizuri, maana ndizo zinazosema zaidi kuliko tahariri yoyote. Tofauti peke yake kati ya masafa yenye nguvu na masafa dhaifu ilithaminiwa dola milioni 33.5. Masafa dhaifu, vifaa, na jina lililojengwa kwa zaidi ya miaka sabini, vyote kwa pamoja, vilithaminiwa dola milioni 11.5. Soko halikununua muziki wala halikuukataa. Lilinunua nafasi hewani juu ya jiji lenye mamilioni ya watu. Kwa hiyo mwandishi wa dawati la biashara akiandika "imeuzwa" amesema kweli, na mwandishi wa sanaa akiandika "imeokolewa" naye amesema kweli, kwa sababu muziki na jina vilipata mwenyeji mpya asiyetegemea matangazo ya biashara. Ambacho msomaji hakuelezwa kwa uwazi wa kutosha ni kwamba hizo ni sentensi mbili kuhusu mali mbili.

Na kwa nini iuzwe wakati ule? Hapa ndipo makala nyingi za kuomboleza zilipopotoka, zikaanza kuchambua vijana wa siku hizi na mapenzi yao kwa Beethoven. Tazama mwaka wenyewe. Januari 2009 kampuni ya Times ilikopa dola milioni 250 kutoka kwa tajiri wa Mexico, Carlos Slim, kwa riba ya zaidi ya asilimia 14. Machi mwaka huohuo ikauza sehemu ya jengo lake la makao makuu kwa dola milioni 225 na papo hapo ikaikodi ili iendelee kukaa humo. Miezi minne baadaye ikaja zamu ya redio. Kampuni iliyobanwa na madeni ilikuwa ikiuza kilichouzika. Hata kama WQXR ingekuwa inapiga muziki wa dansi usiku kucha, ninaamini masafa yale yangekuwa hatarini vilevile.

Sasa makala ile ya tatu, ya maombolezo. Waliolia walikuwa na sababu ya msingi, lakini mara nyingi waliieleza vibaya. Mtambo wa 96.3 ulikuwa ukirusha kwa wati 6,000 hivi, na ule wa 105.9 kwa wati 600 hivi, yote miwili kutoka Empire State Building. Magazeti yakaandika kwamba nguvu imeshuka hadi sehemu moja ya kumi, na msomaji wa kawaida akaelewa kwamba wasikilizaji tisa kati ya kumi wamefungiwa mlango. Sivyo FM inavyofanya kazi. Nguvu ya wimbi linalofika kwenye antena yako hufuata kipeuo cha pili cha nguvu ya mtambo, kwa hiyo ukipunguza wati mara kumi, wimbi hubaki na karibu theluthi moja ya nguvu yake ya awali. Halafu kuna urefu wa mnara, ambao kwa FM una uzito kama wati zenyewe au kuuzidi. Kuna vilima na majengo, na kuna vituo jirani vinavyotumia masafa yaleyale au ya karibu katika miji mingine. Aliyeishi Manhattan huenda hakuhisi tofauti. Aliyeishi kwenye vitongoji vya mbali, kaskazini mwa jiji au ndani zaidi ya New Jersey, alianza kusikia mikwaruzo katikati ya simfonia, au hakusikia chochote.

Na muziki wa klasiki huteseka kwa mikwaruzo kuliko aina nyingine nyingi. Wimbo wa pop hutengenezwa ukiwa na sauti ya juu mwanzo hadi mwisho, hivyo hufunika kelele ndogondogo. Simfonia ina mahali ambapo okestra nzima inanyamaza na filimbi moja inapiga polepole, na hapo ndipo kelele ya mawimbi dhaifu inapojitokeza yote. Wati zilizopotea zilikuwa hasara kwa muziki kwelikweli, siyo kwa ramani ya usikivu tu. Mwaka 2013 wamiliki wapya walipata kituo kidogo cha 90.3 FM huko Ossining, kaskazini mwa jiji, ili kuziba sehemu ya pengo hilo. Ni uthibitisho kwamba waliolalamika mwaka 2009 hawakuwa wakilalamika bure. Lakini tafuta habari hiyo magazetini na utaona jinsi ilivyopewa nafasi ndogo ukilinganisha na kilio cha mwanzo.

Ukiniuliza kwa nini tanzia, jibu langu ni kwamba magazeti makubwa hugawa habari kwa madawati. Redio ya klasiki ikibadilika, habari hufika kwa mhakiki wa muziki, ambaye kazi yake ya kila siku ni kwenda kwenye maonyesho ya okestra na opera. Ni mtu anayeupenda muziki huu, na wasomaji wake ndio walewale wasikilizaji wa redio ile. Anaandika kwa moyo, na simlaumu. Ila hajazoea kusoma nyaraka za leseni. Mwenzake wa dawati la biashara anazisoma vizuri, lakini hajui kilichopotea kipindi fulani cha alasiri kinapoondolewa. Habari kamili ingehitaji wote wawili wakae meza moja, na hilo ni nadra.

Kuna sababu nyingine: kila mabadiliko husomwa kama dalili ya kifo cha muziki wote. Washington inaonyesha hatari ya tabia hiyo. Kwa miaka mingi jiji hilo lilikuwa na redio mbili za kusikilizia klasiki, WGMS ya biashara na WETA ya umma. Februari 2005 WETA iliondoa muziki na kuweka habari na mazungumzo. Ilisomwa kama ushahidi kwamba hata redio za umma zimekata tamaa. Mwishoni mwa 2006 zikaja habari kwamba kampuni ya utangazaji ya Dan Snyder, wakati huo mmiliki wa timu ya mpira wa Kimarekani ya jiji hilo, inazungumza na Bonneville, kampuni iliyoimiliki WGMS, ili kuinunua redio hiyo. Mazungumzo yakavunjika, lakini Bonneville haikurudi nyuma: Januari 22, 2007 ikaizima WGMS na kuweka muziki wa aina nyingine. Siku hiyohiyo WETA ikarudisha klasiki. Ndani ya miaka miwili, basi, muziki uleule "ulikufa" mara mbili na "kufufuka" mara moja katika jiji moja. Ninavyoona mimi, wasikilizaji hawakupungua wala kuongezeka kwa kiasi cha kueleza hayo yote. Kundi moja la watu lilikuwa limegawanywa kati ya vituo viwili, na kila kituo kilijiona dhaifu. Aliyeandika mwaka 2005 kwamba redio za umma zimeachana na klasiki alipaswa kwanza kuuliza jirani yake anafanya nini.

Tukija kwenye takwimu za wasikilizaji, kuwa mwangalifu sana. Magazeti hupenda kunukuu fungu la usikilizaji, yaani katika watu wote waliokuwa wakisikiliza redio kwa muda fulani, ni asilimia ngapi walikuwa kwenye kituo hiki. Klasiki huonekana ndogo kwa kipimo hicho. Lakini kuna kipimo cha pili, idadi ya watu waliokigusa kituo angalau kidogo ndani ya wiki, na hapo picha huwa tofauti. Kipimo cha tatu kwa kawaida hakitajwi kabisa, nacho ndicho chenye maamuzi: umri. Wauza matangazo wengi wa Marekani hutaka watu wa miaka 25 hadi 54. Msikilizaji wa miaka 67 anayesikiliza saa nne kwa siku, mwenye tiketi za msimu mzima wa okestra, kwao ni kama hayupo. Kwa redio inayoishi kwa michango, mtu huyohuyo ndiye nguzo. Ndiyo maana kituo kimoja, chenye wasikilizaji walewale, kinaweza kuwa hasara mikononi mwa kampuni ya biashara na kikawa hai mikononi mwa shirika lisilolenga faida. Seattle ilifuata njia hiyo mwaka 2011, pale KING FM ilipoacha matangazo ya biashara na kuanza kutegemea wasikilizaji wake. Ukisoma kwamba redio "imeshindwa", uliza imeshindwa kumlisha nani.

Angalia pia kama kipimo chenyewe kilibadilishwa. Zamani watu walijaza daftari wakiandika walichosikiliza. Mwaka 2008 New York ilihamia kwenye kifaa kidogo ambacho mtu hukibeba siku nzima, na kifaa hicho hunasa chenyewe redio iliyo karibu. Daftari lilitegemea kumbukumbu, na mtu huikumbuka zaidi redio anayoipenda. Kifaa hunasa hata redio ya dukani. Gazeti linalolinganisha takwimu za kabla na baada ya mabadiliko hayo bila kumwonya msomaji linalinganisha visivyolingana.

Labda unajiuliza kama wasikilizaji wana haki yoyote kisheria. Kwa Marekani, kuna kipindi ilionekana wanayo. Chicago ilikuwa na WEFM, redio ya klasiki ya kampuni ya Zenith, iliyokuwa hewani tangu 1940. Ilipotaka kuuzwa na kugeuzwa ya rock, kamati ya wananchi ilikwenda mahakamani, na mwaka 1974 mahakama ya rufaa ya Washington ikaamua kwamba tume ya mawasiliano, FCC, ilipaswa kusikiliza malalamiko kabla aina ya pekee ya muziki haijaondolewa katika jiji. Mwaka huohuo New York, redio ya klasiki ya WNCN iligeuzwa ya rock mwezi Novemba. Wasikilizaji wakaunda chama, wakapigana, na Agosti 1975 klasiki ikarudi. Chama hicho ndicho kilichofika hadi Mahakama ya Juu, na mwaka 1981 kikashindwa kwa majaji 7 dhidi ya 2. Mahakama ilisema FCC inaruhusiwa kuliachia soko suala la aina ya muziki. Jaji Thurgood Marshall alikuwa mmoja wa wawili waliopinga. WNCN yenyewe iliendelea hadi Desemba 1993, kisha ikageuzwa ya rock tena, safari hii moja kwa moja.

Historia hii inaeleza sauti ya magazeti kuliko unavyoweza kudhani. Kabla ya 1981 habari za mabadiliko ziliandikwa kama mapambano: kuna kesi, kuna tarehe ya kusikilizwa, kuna matokeo yasiyojulikana bado. Baada ya hapo msikilizaji alibaki na barua kwa mhariri. Habari isiyo na hatua inayofuata hugeuka maombolezo kwa urahisi, kwa kuwa mwandishi hana kingine cha kuripoti. Nasikitika kwamba waandishi wengi wa leo wanazungumzia mabadiliko haya kana kwamba ni hali ya hewa, wakati ni matokeo ya uamuzi wa mahakama uliotolewa na watu, ambao wenzao wawili waliupinga.

Sasa lile la gazeti kujiandika lenyewe. Times iliripoti mauzo ya WQXR katika kurasa zake, na ilieleza kwamba muuzaji ni kampuni mama yake. Hilo ni sharti la kwanza, nalo lilitimizwa. Lakini kutaja mgongano wa maslahi hakuuondoi. Ungetazama nini, basi? Mimi ningeangalia kama makala inataja bei ya kila kipande au jumla tu, kama inaeleza deni la kampuni, kama inampa nafasi msikilizaji atakayepoteza mawimbi, na kama swali la wafanyakazi limeulizwa: wangapi wanahamia kwa mmiliki mpya, wangapi wanabaki bila kazi. Kisha chukua gazeti lingine la jiji hilohilo lisilo na hisa katika jambo hilo, usome siku hiyohiyo. Usidhani pia kwamba huyo wa pili ni msafi. Gazeti shindani lina sababu zake za kufurahia mwenzie akiuza vitu. Nyaraka za kuhamisha leseni huwasilishwa FCC na ni za umma, na hizo hazina upande.

Niongeze jambo moja ambalo hukuuliza, kwa sababu ndilo linaloniuma zaidi katika habari hizi. Klasiki inapookolewa, mara nyingine kuna mwingine anayelipa, na gazeti la wapenzi wa klasiki halimwoni. San Francisco, Januari 2011, redio ya biashara ya klasiki ya KDFC ilipoteza masafa yake ya 102.1. Chuo Kikuu cha Southern California kikaichukua na kuifanya isiyo ya biashara, na ili ipate pa kurushia kikakubaliana kununua masafa ya 90.3 kutoka Chuo Kikuu cha San Francisco kwa dola milioni 3.75. Masafa hayo yalikuwa ya KUSF, redio ya wanafunzi na wakazi wa kujitolea, iliyopiga muziki usiopigwa kwingine na kutangaza kwa lugha kadhaa za wahamiaji. Ilizimwa Januari 18 bila wao kuonywa. Ukisoma makala za ukurasa wa sanaa kuhusu KDFC, ni habari ya uokoaji. Wale waliofika studio asubuhi ile na kukuta hawako hewani tena wana habari nyingine kabisa, na ni ya kweli kwa kiwango kilekile. Mimi nataka klasiki iwe hewani. Lakini sitaki mwandishi aniambie imeokolewa bila kuniambia imesimama mahali pa nani.

Kwa hiyo ukirudi kwenye zile makala zako za 2009, tafuta pia zilizoandikwa mwaka mmoja au miwili baadaye kuhusu vipindi vyenyewe. Je, simfonia zinapigwa nzima au sehemu moja moja? Muziki wa sauti, yaani opera na kwaya, unapata nafasi mchana, au umefukuziwa usiku? Kuna matamasha yanayotangazwa moja kwa moja kutoka ukumbini? Watunzi walio hai wanasikika? Mtangazaji anaujua muziki anaoutambulisha, au anasoma alichoandikiwa? Ni maswali ambayo mhakiki wa muziki angeyajibu vizuri kuliko mtu yeyote gazetini, na ndiyo ambayo huulizwa mara chache zaidi baada ya wiki ya kwanza. Ukizipata makala za namna hiyo kuhusu WQXR, ziweke juu ya zile nyingine zote.